Nilifuta bukari ya Mama Veronika, nikajituma miye ku nyota

Kosa ni yangu. Nasema mbele, ili kiisha musiseme muzee alizunguka apate fasi ya kujificha. Sitajificha. Nitazunguka tu, ile ni tabia. Mama yangu alisemaka kama miye nilizaliwa mu kona.

Na muniwie radhi kwa maandiko. Ku masomo nilifika mwaka ya tatu, kiisha mwalimu na miye tuliachana kwa amani.

Bon. Mbele ya kosa, iko samaki.

Nilikuwa kijana, nilitoka Kilwa, si ile ya bahari, ile yetu ya ku ziwa, na kitunga ya bitoyo. Bitoyo ni samaki ya kupasuliwa, ya chumvi, ya kukausha ku jua. Ukiibeba mu lori, kila muntu anajua mbele ya kukusalimia. Mujomba yangu wa Lubumbashi alikuwa ametuma neno: "Akikuya bila samaki, abakie kule kule." Njo nilikaa juu ya magunia ya muhogo, kitunga mu magoti, sawa mama na mutoto.

Barabara ya Kilwa munaijua. Kama hamuijui, mupige magoti mushukuru Mungu! Lori inaingia mu matope, tunashuka, tunasukuma, tunapanda. Mbele kidogo, matope ingine. Mangaribi lori ilikataa kabisa, ikalala kwa upande sawa muntu mulevi. Hapo njo muntu mumoja murefu, mwenye kofia nyeusi na meno ya mbele yenye kuachana, aliniuliza:

"Kijana, weye ni wa ukoo gani?"

"Ya samaki."

"Samaki!" Alipiga mikono. "Mungu ni mukubwa! Miye ni wa mamba. Musikie, bandugu: chakula yangu yenyewe imepanda lori, inanifuata!"

Na alifungua kitunga yangu, alichagua samaki yenye kunona, akaikula mbele ya macho yangu. Pole pole. Anatoa miiba mu meno, ananiangalia.

Nilitaka kumurukia. Lakini lori nzima ilikuwa inacheka, juu ya balijua sheria. Siye bantu ya ziwa, ukoo na ukoo banakuwa na utani, tunaita bunungwe. Mamba anakula samaki, basi bantu ya mamba na bantu ya samaki ni banungwe. Banatukanana bila kosa. Munungwe wako anaweza kushika kuku yako muchana, akiimba, na ukikasirika, weye njo mwenye kupata haya. Na siku ukikufa, ni yeye atakushusha mu kaburi, na mu kilio atakuiga na kukucheka mupaka bantu basahau kulia.

"Ngojea," nilimwambia. "Siku moja samaki atakula mamba."

"Kwa meno gani?"

Yule muntu ni Mulenga. Alikula mupaka kitunga ikakuwa nyepesi, na mujomba alinikaribisha na fimbo. Na toka ile siku tulikuwa bandugu! Tulitafuta kazi pamoja, tulioa, tulijenga mu Kampemba, kule kule Lubumbashi, lupango yake na yangu, ni kusema kiwanja na nyumba, ukuta moja. Chumvi yangu ilikuwa yake. Kiti yake ilikuwa yangu, na ilivunjikia kwangu, na hakuuliza.

Basi musahau samaki. Hapana, musiisahau. Itarudia.

Kiisha ilikuya ile miaka yenye kila kintu ilianguka. Mine, ile migodi, zilinyamaza. Mbele kazi ilikuwa bila mushahara, kiisha mushahara bila maana, kiisha hata kazi hakuna. Basoda, ni kusema baaskari, balivunja maduka, na bantu balifuata nyuma ya basoda. Nilimuona muntu amebeba mulango ya friji, mulango tu, anakimbia nayo na furaha! Ku gare bantu balilala juu ya bintu yao, banangojea treni. Mu avenue yetu, kama muntu hakuwa anaondoka, alikuwa anazika.

Na mu ile fujo yote, Mupe wetu aliingia ku lupango ya Mulenga, alikaa juu ya bidon, dumu ya mafuta, na akasema tuchague wimbo ya kutuma ku nyota.

Mupe, ni vile tunaita padri. Yule alikuwa muzungu, muzee, mwembamba sawa mushumaa, alifundisha batoto ya sekondari habari ya jua na mwezi. Juu ya nyumba yake alikuwa na mutambo ya kuangalia mbingu, na alituita mara mingi tuchungulie. Miye niliona mwezi, nikaona ina matobo sawa barabara ya Kilwa, nikashuka.

Alitueleza. Kule Bulaya iko barafiki yake wenye antena kubwa sawa uwanja ya mupira. Banakusanya nyimbo ya dunia nzima, kila fasi wimbo moja. Kiisha batairusha juu, itembee, itembee, mupaka kama kule iko bantu, basikie na baseme: kumbe! Kule chini kuko bantu pia.

"Mupe," Mulenga aliuliza, "itakawia?"

"Sana. Siye wote tutakuwa tumekufa."

"Aa. Sawa mushahara yetu."

Tulicheka, hata Mupe. Lakini nikuambie kintu moja, weye mwenye kusoma. Mu avenue nzima hakuna mwenye alisema: "Tunakufa njaa, nyota ni ya nini?" Hakuna! Nafikiri ni juu ya kila kintu ingine balikuwa bametunyang'anya. Ile ya kuchagua ilibakia yetu.

Tulifanya komite. Ilikaa kwa Mulenga, kwa sababu viti ya paruasi ilikuwa imeibiwa, imetembea na miguu ya bantu. Kulikuwa Papa Kasereka, mufanyabiashara wa Kivu ya Kaskazini, mwenye depo ya unga na lori, mukristu wa kuomba na sauti ya mikrofoni hata bila mikrofoni. Kulikuwa Mama Antoinette, mukubwa wa kwaya ya paruasi, mutoto wa muntu ya reli, mwenye hakucheka toka ubatizo yake. Kulikuwa Mulenga. Na kulikuwa miye, juu ya nilikuwa na radiokaseti yenye kurekodi.

Na juu ya nilikuwa mwanamuziki. Ndiyo! Tulikuwa na karindula, ile banjo kubwa tunatengeneza na bidon na ngozi ya mbuzi. Tulipiga ku ndoa, ku kilio, na ku fasi ya lutuku, ile pombe kali, fasi yenye bantu banashangilia kila kintu.

"Tutume kwaya yetu na trompeti," Papa Kasereka alisema. "Kama kule ni malaika, batatujua."

"Kama ni malaika, banaimba Kilatini," Mama Antoinette alijibu. "Tutume misa."

"Na kama ni mashetani?" Mulenga aliuliza.

"Njo vizuri. Kilatini itabafukuza."

Hapo niliingia miye. "Bantu bakubwa, karindula! Ile ni ya hapa, haikukuya na mashua ya muntu. Muntu akiisikia, magoti yake inacheza hata akiwa na deni ya kilio."

"Na kama habana magoti?" Kasereka aliniuliza.

"Kila muntu iko na magoti!"

"Papa, ni habari ya nyota. Hatujui nani iko na nini."

Tulibishana mupaka Mupe alifunga macho akaanza kusali chini chini mu Kifaransa. Kama bale ya ku nyota bangesikia komite yetu, bangehama.

Ni ile wakati, nyuma ya nyumba, bibi ya Mulenga, muke yake, alianza kusonga bukari, ile ugali yetu.

Mama Veronika. Mufupi, mweusi, mukono ya nguvu, mwenye kucheka na bega. Alikuwa amekaa chini, sufuria ameishika na miguu, mwiko mu mikono yote mbili, na alikuwa anaimba:

*Mayi imechemka, unga iko wapi?*
*Unga iko njiani, njia iko mubaya.*
*Nani anapita mu njia?*
*Ni ndugu yangu, mumufungulie.*

Na mwiko: tu! tu! Ku tumbo ya sufuria. Pole mbele, kiisha nguvu, vile bukari inakamata.

Papa Kasereka alivua kofia. Mama Antoinette alipangusa jicho, akasema ni moshi, na moshi ilikuwa inaenda upande ingine!

"Ile," Mupe alisema. "Ni ile."

Mama Veronika alipoambiwa, alicheka na bega. "Muziki gani, Mupe? Mi naimba juu ya isikuwe na mabonge! Ukifika ku 'ndugu yangu', unatia unga ya mwisho. Ukimaliza kuimba, imeiva. Siko na saa. Niko na wimbo."

"Njo imba hivyo hivyo, Mama. Hapa, mu radiokaseti."

"Bila bukari? Hapana. Sufuria mutupu siwezi kuidanganya."

Na unga, ile miaka, ilikuwa kintu ya kuficha chini ya kitanda! Papa Kasereka aliangalia mbingu, aliangalia chini, kiisha alituma gunia. Gunia nzima, juu ya kurekodi! Nimemusema vibaya yule Papa ku bintu mingi, ku ile simusemi.

Basi nilirekodi. Jogoo iko ndani, mutoto wa jirani iko ndani analia, mwiko iko ndani. Na mwisho, vile alizoeaka kila siku, aliita avenue yote: "Bukari imeiva! Mukuye mukule!"

Na bantu balikuya kweli. Balikula mupaka kunawa mikono ilikuwa sawa sikukuu. Sijaona tena ile avenue imeshiba pamoja.

Ile kaseti ilikuwa moja tu. Yangu. Kaseti ingine mu muji hakuna, maduka ilikuwa kuta na upepo. Mupe aliniambia: "Niletee Jumatatu. Bazungu banatuondosha, lori ya basoda itatuchukua." Na nilienda nayo kwangu, mu mufuko.

Sasa musikie vile shetani anaingia. Haingii na pembe. Anaingia na sababu!

Nilikaa na ile kaseti Jumapili nzima. Nikaanza kuwaza: mugeni akikuya kwako, unamupokea wapi? Ku sebule. Haumupeleki ku jiko! Sasa siye tunataka kutuma jiko yetu ku nyota, na moshi, na mutoto mwenye kulia. Batasema siye ni bantu ya sufuria tu. Na miye, je? Maisha yangu yote nimepiga karindula, na mu muji hii hakuna radio yenye iliniita. Hakuna! Na wimbo ya bibi mwenye hataki hata kuimba itaruka juu ya mawingu, na yangu itaoza na miye mu Kampemba?

Kiisha, sababu tamu kupita yote. Bunungwe! Mulenga alikula samaki yangu mu lori, lori nzima ikacheka. Ni mamba tu mwenye haki ya kula? Munungwe hana kosa. Nitafuta ile wimbo, nitamwambia: "Samaki amekula mamba!" Atatukana mama yangu na babu yangu, tutacheka, kwisha.

Niliita benzangu ya orkestra. Balikuya na karindula na chupa. Nilitia ile ile kaseti, nikafinya kifinyo nyekundu ya kurekodi. Na nilisema, na sauti ya munene: "Alo, alo! Bantu ya nyota! Hapa ni Kampemba! Anayesema ni miye!"

Na niliimba wimbo yangu, juu yangu mwenyewe, samaki wa Kilwa, mupendwa wa babibi. Lutuku ilinishika koo. Nilikohoa mara mingi. Nilisema, haizuru, kule juu batafikiri ni ngoma.

Jumatatu nilifika ku paruasi. Mupe alikuwa juu ya lori tayari, na sanduku moja. Mutambo yake ya nyota alikuwa ameiacha. Alitaka kusikiliza kaseti, lakini bapile, betri ya radio yake, ilikuwa imekufa, na soda alikuwa anapiga mulango ya lori na mukono: twende, twende! Mupe aliitia mu mufuko ya shati, pamoja na rozari.

"Umeichunga vizuri?"

"Nimeichunga, Mupe."

Ee Mungu wangu! Na alinibariki!

Nilitoka pale mbio, kicheko iko mu mashavu tayari. Niliruka ukuta. "Mulenga! Mamba! Toka nikuambie!"

Alitoka, akatia kidole ku mudomo. Mama Veronika alikuwa amelala juu ya mukeka na homa.

Nikasema basi, nitasema kesho.

Kesho homa ilikuwa mubaya kupita. Ku hospitali kulikuwa na vitanda na muganga, dawa hapana. Muganga mwenyewe alitupa mikono. Mvua ya kwanza ilikuya na ilimukuta Mama Veronika mu sanduku.

Mu kilio, kazi ya kuchekesha ilikuwa yangu. Nilikaa mu mulango, nikazuia sanduku, nikadai kuku ndipo mamba bapite. Kiisha nilichukua sufuria na mwiko, nikakaa chini vile alikaaka, nikaimba na sauti ya bibi, na mabega. Bantu balianguka na kicheko na machozi. Sheria ni ile.

Na Mulenga alisimama, kofia mu mukono, akasema kwa wote: "Bandugu, asanteni. Mi silii sana. Muili yake tunaizika, lakini sauti yake haiko hapa. Iko kule juu, inatembea. Yule bibi hatakufa." Kiisha akaniangalia miye. "Na saa hii anakusikia, weye chakula yangu, anasema unasonga vibaya!"

Bantu balicheka. Niliendelea kupiga mwiko. Ningefanya nini?

Ningesema! Njo ningefanya! Nilikuwa na mudomo!

Lakini sikia, kila siku neno ilikuwa nzito kupita jana. Kiisha katekisti alileta habari kutoka kwa Mupe: nyimbo zimerushwa. Avenue nzima ilipiga vigelegele. Papa Kasereka, mwenye depo yake ilikuwa imeibiwa yote, alinishika bega, akasema: "Ile gunia haijaibiwa."

Na Mulenga alizeeka na ile habari. Batoto yake bakilia juu ya mama, alibatoa inje, alibaonyesha: "Anapita pale." Akikutana na mugeni ku munkoyo, kinywaji yetu ya mahindi, mbele ya kikombe ya pili alikuwa ameshasema bibi yake iko ku nyota. Bengine balimucheka. Hakujali.

Na mubaya kupita yote, aliniulizaka miye! Juu ya miye njo nilirekodi, nilikuwa sawa injinia yake.

"Sasa amefika wapi?"

Na nilijibu! "Mwezi amepita zamani. Sasa iko njia ya kunyooka."

"Kunakuwa matope?"

"Hapana. Kule ni lami tupu."

Alifurahi. Alinikatia bukari, kila Jumapili, bonge kubwa, na nilikula. Ilishuka sawa jiwe. Bibi yangu aliuliza juu ya nini ninakonda ku nyumba ya rafiki. Nilisema ni meno.

Miaka ilipita vile. Tulizika Mama Antoinette, Kasereka alirudia kwao. Tulibakia babili na ukuta yetu.

Basi mwaka hii Georgette alikuya, binti ya kwanza ya Mulenga, mwenye iko Bulaya, anachunga bagonjwa. Aliingia na sanduku, na mbele ya kukaa alisema: "Papa, niko na kintu. Nilitafuta bale bantu ya antena. Bamechunga nyimbo zote. Bamenitumia ya Mama! Iko hapa, mu telefone."

Mulenga alikaa chini. Muzee wa meno mbili, alikaa chini ku mavumbi.

"Umeisikia?"

"Hapana, Papa. Nilitaka weye wa kwanza."

Nilikuwa pale.

"Tutasikiliza Jumamosi," Mulenga alisema. "Tuite bantu, tusonge bukari. Na tutasikiliza kwa munungwe wangu, mu lupango yake. Ni yeye alirekodi! Heshima ni yake."

Toka ile siku mupaka Jumamosi, muntu mwenye akili angesema. Ukuta ni moja! Ningesimama tu juu ya bidon! Lakini nilifikiri kukimbilia Kilwa, nikakumbuka barabara. Nilifikiri telefone itavunjika. Nilisali courant, umeme, ikatike, telefone ikose chaji, na kwa mara ya kwanza mu maisha yangu courant ilibakia!

Jumamosi saa ya chakula lupango yangu ilijaa. Bale ya zamani, bajukuu, majirani wapya wenye balisikia hadisi tu. Georgette alisonga bukari na mwiko ya mama yake. Mulenga alivaa kofia nyeusi, ile ya lori, ilikuwa imepata rangi ya majivu. Alikaa mbele kabisa. Alinivuta nikae karibu, akanishika mukono. Alinishika mukono!

Nilifungua mudomo. "Mulenga, mbele tusikilize..."

"Nyamaza, samaki. Muntu wa bantu anaimba."

Georgette alifinya.

"Alo, alo! Bantu ya nyota! Hapa ni Kampemba! Anayesema ni miye!"

Kiisha karindula. Kiisha kikohozi yangu.

Mutoto mumoja alicheka, mama yake akamuziba mudomo. Georgette aliangalia telefone, akaigeuza, sawa sauti imeingia kwa mulango mubaya. Wimbo yangu iliendelea: samaki wa Kilwa, mupendwa wa babibi. Ndugu zangu, ile wimbo ni murefu! Sikujuaka vile iko murefu! Na mubaya! Na mukono ya Mulenga ilikuwa ingali mu yangu, haikufinya, haikuacha.

Iliisha. Kulikuwa tak! ya kifinyo, ile fasi nilisimamisha mashini miaka yote ile.

Na kiisha, juu ya kaseti ni sawa shuka, na wimbo yangu ilikuwa fupi kuliko yake, ilifunika mwili ikaacha vidole ya miguu... kulitoka mwiko.

Tu! Tu!

Na sauti ya Mama Veronika, mukubwa, karibu sana, sawa iko nyuma ya nyumba: "Bukari imeiva! Mukuye mukule!"

Kwisha. Telefone ilinyamaza.

Mbele nimalize, ushike hii, weye mwenye kusoma, miye sina ingine ya kukupa. Utani ni muzuri, ni mafuta ya maisha, lakini usiufanye shimo ya kuzikia kosa. Kama umemukosea munungwe wako, sema siku ile ile, kungali kicheko ndani. Kosa sawa samaki mubichi: leo utaikula na pilipili, kesho inakufukuza mu nyumba. Na usifute sauti ya muntu! Hata ya muntu mwenye kuongea na sufuria. Haujui ni nini itabakia ya kusikiliza.

Mulenga alisema: "Rudisha ile ya mwisho."

Georgette alirudisha. Mwiko. Mukuye mukule.

"Tena."

Alirudisha tena. Muzee alifunga macho. Mudomo yake ilikuwa inasema pamoja naye.

Kiisha aliacha mukono yangu, pole, sawa muntu mwenye kuweka kikombe ku meza. Alisimama. Nilisimama pia. Nilingojea matusi. Ku siye banungwe matusi ni mapendo, nilikuwa tayari kupokea mama yangu, babu yangu, ukoo yangu nzima ya samaki mupaka miiba!

"Nitukane," nilimwambia. "Mulenga, nitukane."

Alinitazama bila hasira, vile unatazama muntu mwenye umekaa naye mu lori moja na haumujui jina. Alinyoosha kofia. Sahani yake ilikuwa juu ya meza, bukari inatoa moshi, hajaigusa. Alipita katikati ya viti, bantu balimufungulia njia, alitoka ku mulango ya lupango yangu, hakuifunga nyuma yake, na hakurudia tena.